Flower: picha zinabaki kwao, maarifa yanasafiri!

Jamani, hii kitu ni moto! Nimeipakua Flower, nikaiwasha kwenye laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya michoro, na mpaka sasa sijatulia.

Flower ni programu huria ya kufundisha akili bandia kwa ushirikiano. Unaandika amri moja, flwr run, na ndani ya laptopu zinaamka nodi kumi za kuigiza, kila moja na fungu lake la picha. Nilitumia CIFAR-10, picha 60,000 za pikseli 32 kwa 32: meli, malori, paka, vyura. Kisha nikaichokoza makusudi. Nikagawa kwa upendeleo: huyu meli na malori tu, yule paka na farasi, na picha hazivuki mpaka.

Kila nodi inajifunzia kwake na kupeleka kwenye seva namba za modeli yake, basi. Seva inapiga wastani, mwenye picha nyingi akipewa uzito zaidi, na kuwarudishia wote modeli moja. Raundi za mwanzo usahihi uliyumba, ukanitia wasiwasi. Halafu ukaanza kupanda! Nikaifungua modeli iliyorudi kwenye nodi ya meli na malori, nikaionyesha chura. Ikamtambua! Nodi ile haijapata kuona chura hata mmoja!

Wastani tu, hesabu ya shule ya msingi! Mbinu hiyo waliitoa Brendan McMahan na wenzake wa Google mwaka 2016. Mwaka uliofuata ikawa inajaribiwa kwenye kibodi ya Gboard, simu zikijifunza zikiwa kwenye chaji na Wi-Fi, mwenyewe hazitumii. Na mwaka 2021 likatoka lile linalonisisimua kuliko yote: taasisi 20 za tiba za nchi mbalimbali zilifundisha kwa njia hii modeli ya kukadiria oksijeni atakayohitaji mgonjwa wa COVID-19, bila rekodi ya mgonjwa kutoka hospitalini kwake.

Namba nazo zinaweza kuvujisha siri, ndiyo, na Flower imelifikiria hilo: ina SecAgg+, inayoifanya seva ione jumla tu, si mchango wa kila nodi.

Ukijua Python kidogo, ijaribu leo. Anza na mgawo sawa wa picha uone inavyokimbia, kisha gawa kwa upendeleo, uongeze raundi, na umtafute chura wako!