Kabla ya Jibu: Taharuki na Utazamaji wa Kwanza katika Twin Peaks

Uhakiki wa kazi za upelelezi, kwa kawaida, huandikwa na mtu anayeujua mwisho. Mhakiki hurudi nyuma akiwa tayari na jina la muuaji, akaonyesha dalili ipi ilikuwa ya kweli na ipi iliwekwa kupoteza njia. Taharuki huwa kwake mbinu mojawapo ya fani, jambo la kutajwa baada ya msuko na kabla ya wahusika. Uhakiki huo una faida yake, lakini humwacha nje mtu ambaye kazi yenyewe ilitungwa kwa ajili yake: yule anayetazama kwa mara ya kwanza, asiyejua, anayekisia na kulazimika kungoja. Makala haya yanadai kwamba makisio ya mtu huyo, hata yale yasiyofika popote, ni sehemu ya maana ya kazi, na kwamba mhakiki anayeyafuta kwa kuwa yalikuwa potofu hufuta ushahidi. Mfano utakaotumika ni Twin Peaks, tamthilia ya televisheni ya David Lynch na Mark Frost iliyorushwa na ABC ya Marekani kuanzia tarehe 8 Aprili 1990 hadi tarehe 10 Juni 1991. Haiwezekani kuijadili bila kumtaja muuaji. Asiyewahi kuitazama na aanze na tamthilia, kisha ayarudie makala haya.

Kisa ni chepesi kukieleza. Maiti ya msichana wa shule, Laura Palmer, inaokotwa ufukoni ikiwa imeviringishwa plastiki, katika mji mdogo wa wapasua mbao jimboni Washington. FBI inamtuma mpelelezi Dale Cooper. Swali la nani aliyemuua Laura liliulizwa tangu usiku wa kwanza, na mtazamaji hakuonyeshwa jibu mpaka tarehe 10 Novemba 1990. Hiyo ni miezi saba, na ndani yake mna likizo ndefu baina ya msimu wa kwanza na wa pili. Kwa watazamaji wa mwaka ule muda huo ulikuwa sehemu ya umbo la kazi. Wolfgang Iser amekwisha kueleza jinsi wasomaji wa karne ya 19 walivyozipenda riwaya zilipotoka kwa mfululizo kuliko zilipofungwa kuwa kitabu, kwa sababu pengo baina ya sehemu mbili ndilo lililowapa nafasi ya kuitunga hadithi wao wenyewe.

Mapokeo ya Kiswahili yana utaratibu wa jambo hili. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", makisio hutolewa na kukataliwa, wakishindwa, mtegaji hudai apewe mji, wala hafumbui mpaka aupate. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi hueleza kwa kirefu uhusiano wa swali na jibu, yaani sitiari iliyomo, na huupita mji haraka kana kwamba ni pambo. Lakini mji ndio malipo ya kutojua, na makisio yaliyokataliwa ndiyo mchezo wenyewe. Kitendawili kinachojibiwa papo hapo na aliyekwisha kukisikia hakichezeki. Katika Twin Peaks utaratibu huu umegeuzwa: mtegaji hakudai mji, aliutoa. Swali la muuaji lilikuwa mlango wa kuuingilia mji mzima, pamoja na kiwanda chake cha mbao, hoteli yake, mkahawa wake na ndoa zake zilizooza. Watunzi walikusudia kulichelewesha jibu kadiri iwezekanavyo. ABC ndiyo iliyosukuma litolewe. Tutalirudia jambo hilo.

Tutazame kwanza makisio yanaelekezwa wapi. Katika sehemu ya utangulizi Leland Palmer, baba wa Laura, yuko hotelini akizungumza kwa simu na mkewe Sarah anayemtafuta binti yao. Sherifu Truman anaingia. Leland hahitaji kuambiwa. Mkono unalegea, kamera inateremka na waya wa simu hadi kwenye mkono wa simu ulioachwa, na kilio cha mama kinatoka humo. Tangu hapo Leland amewekwa katika nafasi ya mfiwa, na kila anachokitenda husomwa kutoka nafasi hiyo. Anacheza dansi peke yake na picha ya marehemu mpaka kioo kinapasuka na kumtoa damu. Mazikoni analirukia jeneza, mtambo wa kuliteremsha unaharibika, naye anapanda na kushuka nalo. Ni tukio la kuliza linalochekesha, na tamthilia yenyewe inaukiri ucheshi huo: baadaye Shelly, mhudumu wa mkahawa, analiigiza mbele ya wateja, nao wanacheka. Mwishoni mwa msimu wa kwanza Leland anamziba pumzi kwa mto mshukiwa Jacques Renault akiwa hoi kitandani hospitalini. Huyu sasa ni mtu tuliyemwona akiua kwa mikono yake, na bado mtazamaji wa kwanza humhesabu kuwa baba aliyelipiza kisasi.

Wakati huohuo shaka inatumwa kwingine. Cooper, kwa mbinu aliyoiota ndotoni, anarusha mawe kwenye chupa huku majina yanayohusiana na herufi J yakisomwa. Chupa inavunjika kwa jina la Leo Johnson. Baba hayumo hata katika orodha. Tunamfuata Leo, dereva wa lori anayempiga mkewe, Jacques, Daktari Jacoby aliyezificha kanda za sauti ya marehemu, Ben Horne, tajiri wa mji na mmiliki wa danguro lililo ng'ambo ya mpaka wa Kanada. Wote hawa si watu wema, na kila mmoja alimtumia Laura kwa namna yake, kwa hiyo shaka haikuwatendea dhuluma kubwa. Lakini tazama ramani yake: inakwenda msituni, barabarani, danguroni, usiku. Sebule ya akina Palmer, yenye ngazi na pangaboi lililoonyeshwa mara kwa mara tangu mwanzo, haimo.

Ndiyo maana tarehe 10 Novemba mauaji yanarudi kwenye sebule hiyohiyo. Leland, ambaye sasa nywele zake zimegeuka nyeupe, anajitazama katika kioo na anayetazama kutoka humo ni Bob, kisha anamuua Maddy, mpwa wake anayefanana na Laura. Anayeitazama tamthilia mara ya pili huliona tukio hili likija, na huhesabu dalili. Anayeitazama mara ya kwanza hupambana na jambo zito zaidi: amekuwa mwenyeji wa mji huu kwa miezi saba, na kama wenyeji wake wote aliitafuta hatari kila mahali isipokuwa nyumbani. Kicheko cha mazikoni ni sehemu ya ushahidi huo. Hoja ya tamthilia kuhusu ukatili wa baba kwa binti haitamkwi na mhusika yeyote. Hutendeka ndani ya makisio ya hadhira, na kwa mhakiki aliyeanza na jibu haitendeki kabisa.

Kuhusu Bob, msomaji wa Kiswahili anaweza kuwa na upeo wa matarajio, kwa istilahi ya Hans Robert Jauss, ulio tofauti na wa Wamarekani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, mzimu umo katika anwani na hofu yake imeyazunguka mauaji. Bwana Msa anauondoa katika hesabu na kumtafuta mtu. Twin Peaks huenda kinyume, ikaanza na mtu na kuishia kwa pepo. Mwenye mazoea ya Msa atauliza pepo huyu anamfaa nani, na jibu liko wazi: anamfaa baba. Katika sehemu ya tarehe 1 Desemba Leland anafia mikononi mwa Cooper akiwa amesamehewa, baada ya kueleza kwamba Bob alimwingia utotoni. Mpelelezi Albert Rosenfield anadokeza kwamba labda Bob si zaidi ya ubaya watu wanaoutenda, lakini dokezo hilo limekuja likiwa limechelewa na linapita upesi. Kwa maoni yangu hapa ndipo tamthilia inapokuwa dhaifu: imemfariji mtazamaji kabla hajamaliza kuona alichokionyeshwa. Filamu ya mwaka 1992, Fire Walk with Me, inayorudi katika siku za mwisho za Laura na kuyaweka maarifa kwake yeye mwenyewe, inasomeka kama jaribio la kulirekebisha hilo.

Bob mwenyewe hakuwamo katika mpango wa awali. Frank Silva alikuwa mpambaji wa jukwaa. Taswira yake ilinaswa kiajali katika kioo wakati wa kupiga picha za utangulizi, na Lynch akaibakiza. Inafuata kwamba hata watunzi hawakuwa wakiitazama kazi yao kutoka mwisho wake. Uthibitisho mwingine ni toleo la utangulizi lililouzwa Ulaya kama filamu kamili, lenye muuaji aliyepachikwa ili hadithi ifungwe. Jibu limo, tena mapema, na halina uzito wowote, kwa sababu halikutanguliwa na kungoja. ABC ilipopata jibu lake Novemba iligundua kasoro iliyo kinyume: watazamaji walizidi kupungua, na katikati ya mwaka uliofuata tamthilia ikasimamishwa.

Hali hii inatuhusu kwa karibu. Hadithi za Eric Shigongo, kwa mfano, zilisomwa kwa mfululizo magazetini, na msomaji alingoja toleo lijalo huku akibishana na wenzake kuhusu nani amefanya nini. Tasnifu zetu huzichambua katika vitabu, ambamo mahali gazeti lilipokatiza hapaonekani tena. Wengi waliobishana wangali hai, na wanaweza kuulizwa walimshuku nani.