Mtihani Usio na Masikio

Karatasi ya mtihani nayo ni maandishi, na maandishi huhakikiwa. Kwa muda sasa nimekuwa nikiisoma karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE kama ninavyosoma tamthilia: nani anasema, nani amenyamazishwa, nani anasikiliza. Karatasi hiyo ina alama 60. Ishirini ni za uandishi wa kiuamilifu, 10 za kujaza mapengo, na 30, yaani nusu nzima, ni za stadi za kuzungumza. Kwa saa mbili zote ukumbi huwa kimya.

Kuzungumza hupimwaje kimyakimya? Mtahiniwa huandika neno linalotamkwa sawa na jingine. Hupigia mstari silabi yenye mkazo. Hueleza iwapo kiimbo cha sentensi kinapanda au kinashuka. Hujaza upande mmoja wa mazungumzo, upande wa pili ukiwa umeshaandikwa. Ni tamthilia ya ajabu hiyo, ambayo mhusika wake mmoja hawezi kushangaa, kukatiza wala kuuliza, "Umesema nini?" Ilhali mazungumzo halisi ndimo yalimo: katika kukwama na kujikwamua.

Sisemi kwamba maswali haya ni bure. Anayejua kuwa neno "record" huhamisha mkazo likiwa nomino au kitenzi ana ujuzi. Lakini ni ujuzi kuhusu usemaji. Anayejua sheria za kandanda si lazima ajue kupiga chenga.

Katika mazoezi ya ualimu nilifundisha kidato cha tatu kwenye shule moja ya kutwa ya mashambani. Katiba inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kwa watoto wengi wa pale ni lugha ya kigeni. Kijana mmoja hakushindwa katika mjadala wowote wa Ijumaa. Kwenye mtihani wa majaribio alipata alama 9 kwa 30 katika sehemu ya kuzungumza, kwa kuwa tahajia yake ilikuwa mbovu na majibu yake mafupi. Aliniuliza, "Mwalimu, kwani hapa niliongea wapi?"

Swali lake ndilo uhakiki wangu wote. Udhaifu wake wa kuandika uliadhibiwa mara mbili. Uwezo wake wa kusema haukuhesabiwa hata mara moja.

Mwenzake anayefanya Kifaransa katika KCSE hiyohiyo huketi mbele ya mtahini, akazungumza. Sababu ya tofauti hii ni idadi. Wa Kifaransa ni wachache. Wa Kiingereza ni zaidi ya laki nane kwa mwaka. Basi tupige hesabu. Dakika 10 kwa kila mmoja wa watahiniwa 800,000 ni takriban saa 133,000. Wakigawanyiwa walimu 5,000, kila mwalimu ana saa 27 hivi, kazi ya siku nne. Kila mtahiniwa akisikilizwa na wawili, ni siku nane. Ni ghali, si muhali.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la haki. Karatasi haimcheki mtoto kwa kuchanganya "r" na "l". Mtahini anaweza kumcheka, kisha akampunja. Hofu hiyo ni ya kweli, ila ina dawa. Mahojiano ya IELTS, ya dakika 11 hadi 14, hurekodiwa, na hukadiriwa kwa vigezo vinne: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Baraza la Ulaya nalo, katika nyongeza ya 2018 ya mfumo wake wa viwango vya A1 hadi C2, liliacha kumfanya mzawa wa lugha kuwa kipimo cha matamshi. Swali likawa: je, msemaji anaeleweka?

KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa 2027. Watakaotunga mitihani ya baada yake wana njia mbili za uaminifu. Wawasikilize watoto. Au, kama fedha hazipo, waliondoe jina "kuzungumza", waiite sehemu hiyo maarifa ya matamshi na adabu za mazungumzo. Cheti kisidai kupima sauti ambayo hakuna aliyeisikia.