Joto na Halijoto: Neno Moja Halitoshi

Katika tafsiri nyingi za masomo ya sayansi, neno "joto" limetwishwa mizigo miwili. Mara hutumiwa kwa maana ya nishati inayoingia katika kitu au kukitoka, mara kwa maana ya kile kinachosomwa kwa nyuzi. Wako wafasiri wanaojitetea kwamba muktadha utamwongoza msomaji. Utetezi huo twaukataa, na hesabu ya maji yatosha kuwa ushahidi.

Tuchukue kilogramu moja ya barafu iliyo katika nyuzi 0 za Selsiasi, tuigeuze yote kuwa mvuke wa nyuzi 100, katika kanieneo ya kawaida ya hewa ya pwani. Kuiyeyusha barafu kwahitaji kilojuli 334 hivi. Kuyapasha maji yake kutoka nyuzi 0 hadi 100, kwa kilojuli 4.2 kila nyuzi moja, kwahitaji 420. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kwahitaji 2,260. Jumla ni kilojuli 3,014.

Sasa tuseme mwanafunzi ameandikiwa kwamba maji yakichemka joto lake haliongezeki, ingawa yanazidi kupewa joto. Sentensi hiyo yajipinga yenyewe. Akiamini kwamba joto ni zile nyuzi, ataihesabu hatua ya pili tu, ambako nyuzi hupanda, na kuziacha nyingine mbili. Atakuwa amepoteza kilojuli 2,594, yaani karibu sehemu sita katika kila saba. Aliyemkosesha si mwalimu wa hesabu, bali ni mfasiri. Ingeandikwa kwamba halijoto ya maji haipandi ingawa yanazidi kupewa joto, ukinzani ungekwisha.

Yasemwa kwamba "halijoto" ni neno la vitabuni, na kwamba hata "kipimajoto" chapima halijoto wala si joto. Ni kweli, lakini jina la chombo likishazoeleka hakuna faida kulibadili. Mgonjwa na aendelee kupimwa joto zahanatini. Palipo na hesabu, hata hivyo, maneno hayo mawili hayana budi kutengana. Tena "halijoto" limeundwa kwa maneno yetu wenyewe, na maana yake yaonekana wazi.

Lipo pia suala la "joto fiche", yaani lile linaloyeyusha au kuvukiza pasipo kupandisha nyuzi. Mskoti Joseph Black alilieleza jambo hili huko Glasgow katika miaka ya 1760, wakati wataalamu wengi walipolidhania joto kuwa namna ya kiowevu kinachoweza kujificha ndani ya vitu. Leo twajua kwamba nishati hiyo hutumika kuvishinda vivutano vya molekuli. Istilahi hiyo hatuipingi, kwani imekwisha kuenea. Ila twaona kwamba "joto la kuyeyusha" na "joto la kuvukiza" humfaa zaidi mwanafunzi, maana kila moja hutaja kazi yake, na kazi hizo mbili zina tarakimu mbalimbali.

Twawasihi basi wafasiri, walimu na wahariri wa wizarani: kabla ya kupitisha mswada wa sayansi, kila penye "joto" paulizwe kama kipimo chake ni juli au ni nyuzi. Jibu likiwa nyuzi, neno libadilishwe.