Orodha Isiyo na Vitenzi

Orodha ya vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro husomwa kwa makini kuliko maandishi mengi yanayotoka Moshi. Mtu wa Oslo au Chicago ambaye hatasoma ukurasa mwingine wowote kutuhusu ataisoma hii mstari kwa mstari, kalamu mkononi, akitia alama. Huku Njoro utaikuta mezani kwa waongoza wageni, au imekunjwa ndani ya begi la mpishi anayejiandaa kupanda. Naichukulia kama kazi ya uandishi, maana ndivyo ilivyo: ina mpangilio, ina nafsi inayosema na nafsi inayoambiwa, ina mambo inayoyataja na mengine inayoyanyamazia. Na kwa kuwa inamwandaa mtu kwenda kulala kwenye baridi kali, kasoro ya umbo lake si suala la ladha tu. Vidole vya mtu vinaweza kuganda kwa sababu ya ukurasa uliopangwa vibaya.

Mpangilio wake wa kawaida ni wa mwili. Inaanza kichwani, kofia ya jua na kofia ya sufu, inashuka mikononi, kifuani, miguuni, kisha inatoka nje ya mwili kwenda kwenye slipingi begi, tochi ya kichwani, dawa na mafuta ya kuzuia jua. Kwenye kiwiliwili inapanga nguo kutoka ngozini kwenda nje: ya kwanza inyonye jasho, ya pili itunze joto, ya tatu izuie upepo na maji. Sehemu hii naisifu bila kusita. Mpangilio wenyewe unafundisha, kwa sababu msomaji akiruka safu moja anaona pengo papo hapo. Hapa umbo na maudhui vimeshikana kwelikweli.

Lakini tazama sentensi zake. Hakuna sentensi. Ni nomino na sifa zake: glovu nzito, jozi moja, soksi za sufu, jozi nne, chupa ya maji, lita moja. Mwandishi ameondoa vitenzi vyote ili ukurasa uwe mfupi, na ukurasa ukawa mfupi kweli, ila umebaki wa dukani. Unamwambia msomaji anunue nini na kuishia hapo. Chukua hiyo chupa. Usiku wa kwenda kileleni, watu wanapoondoka kambi ya Barafu au ya Kibo karibu na saa sita, maji huanza kuganda kuanzia juu. Chupa iliyosimama huziba mdomoni, na mwenye kiu anabeba lita nzima asiyoweza kuinywa. Dawa yake ni kuigeuza, mdomo chini, na kuivisha soksi. Mrija wa mfuko wa maji huganda upesi zaidi, kwa hiyo baada ya kila funda unapuliza maji yarudi ndani. Betri za tochi na za simu zilale nawe ndani ya slipingi begi, la sivyo asubuhi zimekwisha nguvu. Kugeuza, kuvisha, kupuliza, kulala nazo: ndiko kujiandaa kwenyewe, na orodha haina hata kimoja cha vitenzi hivyo. Ina chupa tu.

Kasoro ya pili inatokana na hiyo ya kwanza. Maandishi yasiyo na vitenzi hayana wakati, na mlima huu wote ni suala la wakati. Moshi ndizi zinakomaa kwenye joto, na kilele cha Uhuru, mita 5,895, kiko kama mita 5,000 juu ya vichwa vyetu. Mpandaji wa njia ya Machame anaanza kwenye msitu wa mvua na tope, anapita nyika za mawe zenye jua kali na usiku wa baridi, halafu anafika kwenye barafu. Orodha ya mwili inaweka koti la mvua kando ya koti zito kwa sababu yote mawili huvaliwa kifuani. Msomaji mtiifu anayakunja pamoja, anayatia pamoja kwenye begi kubwa, na begi hilo linabebwa na mgumu, yaani mpagazi, ambaye saa nne asubuhi ameshampita na kuelekea kambini. Mvua inanyesha saa sita. Koti la mvua liko kilomita kadhaa mbele. Kosa hilo limeanzia kwenye karatasi: orodha iliyopangwa kwa saa na kwa begi, yaani cha mgongoni mwako mchana, cha kambini jioni, cha usiku wa kilele, isingelizaa.

Ukitaka kuona umbo linalotunza vitenzi, nenda Soko la Memorial au Kiboriloni uchambue mitumba ya baridi. Humo mna makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani wanaoteleza thelujini juu ya ubao. Soma koti moja taratibu. Juu ya kifundo cha mkono wa kushoto kuna kijimfuko chenye zipu, mahali pa kadi inayomruhusu mtu kupanda lifti ya mlimani. Kiunoni kwa ndani kuna sketi fupi ya lastiki, ili mtu akianguka theluji isimpandie mgongoni. Chini ya makwapa kuna zipu za kutoa jasho. Suruali yake ina kitambaa kigumu makalioni, kwa kuwa mwenye ubao hukaa chini kwenye theluji akifunga buti zake. Kuonyesha kadi, kuanguka, kutoa jasho, kukaa: vitendo vyote vimeshonwa humo. Anayepanda Kilimanjaro hana lifti wala haanguki kila dakika kumi, lakini zipu za kwapani anazihitaji mno, maana jasho la kupanda usiku kucha hugeuka baridi mwilini mara tu anaposimama kupumzika. Orodha yetu inaandika tu "koti lisilopitisha maji", na kwa mstari huo koti lenye zipu hizo na lisilo nazo ni kitu kimoja.

Vitenzi vinarudi kwa mdomo. Jioni ya kuamkia safari kiongozi huja hotelini, anamwaga begi la mgeni kitandani, anashika kitu kimoja kimoja na kusema kitafanywa nini na lini. Nathubutu kusema maandishi kamili ni hayo mazungumzo, na karatasi ni nusu yake tu. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858 alijua anamwambia nani, akaelekeza kwa vitenzi vya kuamuru. Kiongozi naye anajua anasema na nani. Orodha haijui.

Wala haijui nani atabeba. Kanuni ya hifadhi inataka mzigo wa mgumu usizidi kilo 20, na mizani iko langoni, lakini nomino zinajipanga ukurasani kana kwamba hazina uzito. Unyamavu huu ni wa zamani. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikuwa wa kwanza kufika kileleni, tarehe 6 Oktoba 1889, kwa sababu walipanga kambi ngazi kwa ngazi na kuleteana chakula, na Mwini Amani wa Pangani alibaki kambi ya juu akipika na kulinda, kwenye baridi ileile. Majina mawili ya kwanza yanajulikana kila mahali. Leo KPAP, shirika la kuwasaidia wagumu lililoanza mwaka 2003, linawaazima wagumu nguo za baridi bila malipo hapa Moshi. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba yupo mtu wa pili anayehitaji orodha, na ukurasa wa mgeni hautaji hata kofia yake.

Katika orodha nyingi nilizosoma wagumu wanaonekana mara moja, mwishoni kabisa, baada ya karatasi za chooni na plasta za malengelenge: "fedha za bakshishi". Mbeba mzigo amefanywa kuwa kimojawapo cha vitu vilivyo ndani ya mzigo. Mstari huo ningeutoa mkiani na kuuweka kileleni mwa ukurasa, wenye nafsi, kitenzi na namba: begi hili atalibeba mtu, lipime lisizidi kilo 15, na kabla ya kulifunga muulize kiongozi kama mtu huyo ana glovu.