Faili Wazi na Msomaji wa Kamina: Uhakiki wa Toleo la Kompyuta la Vocabulaire ya Elisabethville

Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliyahariri maandishi hayo katika kitabu History from Below (Amsterdam, 1990). Baadaye yaliingizwa katika Archives of Popular Swahili, hifadhi ya kompyuta iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Wahariri wa hifadhi hiyo walichagua HTML, muundo wa faili usiomilikiwa na kampuni yoyote. Uamuzi huo unastahili sifa. Katika miaka ya 1990 wasomi wengi walihifadhi kazi zao katika faili za Word, ambazo maelezo ya muundo wake yalitolewa hadharani kwa wote mwaka 2008 tu. Aliyekosa programu ile, au aliyekuwa na toleo jingine, aliweza kukuta matini yamevurugika. Kurasa za HTML, kinyume chake, husomeka katika kompyuta yoyote, hunakiliwa bila leseni, na husomwa hata pasipo intaneti.

Hata hivyo, uwazi wa faili si uwazi wa maarifa. Mwanafunzi wa Kamina, mji wa njia panda ya reli ambako Kiswahili hukutana na Kiluba, amesomeshwa kwa Kifaransa. Matini ya Yav yatamfikia. Lakini tafsiri na maelezo ya wahariri ni ya Kiingereza. Kwa hiyo anapewa sauti ya watu wa kwao, ila mjadala juu ya sauti hiyo unafanyika mbali naye.

Aidha, kuna hatari ya pili. Programu inayopima tahajia kwa kigezo cha Kiswahili sanifu itayahesabu maneno ya Yav kuwa makosa. Mhariri asiye makini akiyasahihisha, ushahidi wa lugha utapotea ndani ya faili iliyo wazi kabisa.

Hapana budi, basi, kazi hiyo ikamilishwe. Maelezo yatafsiriwe kwa Kifaransa na Kiswahili. Tahajia ya asili ilindwe. Nakala ziwekwe katika maktaba za vyuo vya Kamina na Lubumbashi. Nao watafiti wanaokusanya masimulizi mapya wayahifadhi katika matini ghafi au OpenDocument, muundo uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, ili waliosimulia na wajukuu wao wasihitaji kununua ufunguo wa kufungulia maneno yao wenyewe.