Zohali ni Sayari Ipi? Maoni juu ya Istilahi za Falaki kwa Wanachuo

Mwaka 2016 shirika la OpenStax la Marekani lilitoa kitabu kiitwacho Astronomy, kilichoandikwa na Andrew Fraknoi, David Morrison na Sidney Wolff kwa ajili ya wanachuo wanaosoma falaki kwa mara ya kwanza. Kina sura 30, na toleo hilo lilipewa leseni inayomruhusu mtu yeyote kulifasiri, mradi awataje waandishi. Kwa hiyo, kinachotuzuia tusiwe na kitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili si haki za wachapaji. Kizuizi kimo katika istilahi zetu wenyewe, nacho hujitokeza mapema mno, kwenye majina ya sayari.

Baadhi ya vitabu vya shule vimewafundisha watoto kwamba sayari ya kwanza kutoka kwenye jua ni Zebaki, ya sita ni Sarateni, ya saba Zohali, ya nane Kausi. Na Pluto ikapewa jina la Utaridi. Mwenye kujua asili ya majina haya hatakosa kushangaa. Zohali ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, nalo tangu kale ni jina la sayari ya sita, ile yenye pete, ambayo nuru yake huonekana kwa macho matupu. Sayari ya saba haikutambuliwa kuwa ni sayari mpaka mwaka 1781, William Herschel alipoiona kwa darubini huko Uingereza. Yawezekanaje basi jina lililotumika karne nyingi kabla ya hapo liwe lake? Utaridi nalo ni jina la sayari iliyo karibu kabisa na jua. Kuipa Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930, ni kulihamisha jina kutoka mlangoni hadi nje ya ua. Huenda sababu ni kwamba Kiingereza kina neno moja kwa sayari ya kwanza na kwa ile metali ya kimiminika. Mfasiri akaifuata metali, akapata zebaki, kisha Utaridi likambakia mkononi halina mwenyewe.

Sarateni na Kausi si majina ya sayari hata kidogo. Ni majina ya buruji, yaani yale makundi ya nyota ambayo jua huonekana likiyapitia katika muda wa mwaka: la kwanza ni kaa, la pili ni upinde. Madhara yake si ya kinadharia tu. Katika mwaka 2018 na 2019 sayari ya sita ilionekana katika buruji ya Kausi. Mkufunzi afuataye vitabu vile angewaambia wanachuo wake kuwa Sarateni imo katika Kausi. Aliyesoma shuleni angedhani sayari moja imeingia ndani ya nyingine. Ajuaye buruji angedhani kaa ameingia kwenye upinde. Wote wawili wangekuwa wamepotea, kila mmoja kwa njia yake.

Wako watakaosema kuwa jina ni jina tu, bora watu waelewane. Hapo ndipo penye tatizo, kwani hatuelewani. Kanuni ya tatu ya Kepler, ambayo hakuna somo la kwanza la falaki linaloiruka, humwezesha mwanachuo kukokotoa mwaka wa sayari kutokana na umbali wake na jua. Aulizwe katika mtihani: Zohali huchukua muda gani kulizunguka jua? Mmoja atajibu miaka 29 na nusu, mwingine miaka 84. Wote wamekokotoa sawasawa, na mmoja wao atapewa sifuri.

Kasoro ya pili ni neno mzunguko, ambalo waandishi wetu hulitumia kwa mwendo wa sayari kulizunguka jua na pia kwa mwendo wake juu ya mhimili wake yenyewe. Kwa Dunia kosa hili hufichika, kwa sababu kila mtu anajua tofauti ya siku na mwaka. Kwa Zuhura halifichiki. Mzunguko wake mmoja ni wa siku 225 na mwingine ni wa siku 243, na msomaji atadhani mpiga chapa amekosea. Si kwamba lugha haina njia. Zuhura hulizunguka jua kwa siku 225, nayo hujizungusha kwa siku 243: viambishi viwili vimetosha. Sioni haja ya kuunda nomino mpya. Kuzunguka na kujizungusha zitumike hivyo hivyo kama istilahi.

Hata neno falaki, ninalolitumia humu, halikutakata kabisa, maana kupiga falaki ni kazi ya waaguzi. Lakini unajimu umekwenda mbali zaidi upande huo, na astronomia, ambayo sina ugomvi nayo, bado ni ngeni masikioni mwa wengi.

Napendekeza Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zirudishiwe sayari zake tano za kale, na zebaki irudi kwenye kipimajoto. Sayari zilizogunduliwa kwa darubini ziitwe Uranusi na Neptuni, kama mataifa mengine yanavyoziita. Pluto iachwe na jina lake. Tangu mwaka 2006 imehesabiwa kuwa sayari kibete. Najua kuwa walimu waliofundishwa majina yale ni wengi, na hawawezi kuamriwa kuyasahau kwa waraka mmoja. Kwa hiyo vitabu vipya viwe na jedwali la majina ya zamani katika kurasa za mwanzo. Na mtahini, kwa miaka hiyo ya mpito, aandike namba ya sayari kando ya jina lake.