Prosesa au RAM? Hesabu ya kibanda cha Arua

Kompyuta ya kibanda cha kuchapa na fotokopi ikianza kujikokota, fundi mmoja atasema tia i5, mwingine atasema ongeza RAM. Pesa iliyopo inatosha kimoja tu. Kila mmoja ana hoja, lakini si kwa kibanda kilekile.

Tuchukue Dell OptiPlex 790, mashine ya ofisi iliyotoka 2011 na kuingia kwenye mitumba. Tuseme ina prosesa ya i3-2100 na RAM ya GB 4 katika kipande kimoja. Soketi yake inapokea i5-2400, kwa hiyo njia zote mbili ziko wazi.

Kabla fundi hajashika bisibisi, fungua kazi za siku ya kweli: barua za wateja, kurasa kadhaa za intaneti, fomu ya URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, mtihani wa shule katika PDF. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja ili kufungua Task Manager. Ukiona RAM imepita asilimia 90, diski imeganda kwenye 100, na prosesa inacheza kwenye 20 au 30, jibu umelipata: ni RAM. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka hutaka kama milisekunde 10, yaani mara laki moja. Ukiitia i5 hapo, itaisubiri diski ileile, ila sasa watakaosubiri ni koa nne badala ya mbili. Tena kasi ya msingi ya prosesa hizo mbili ni moja, GHz 3.1, na kuchapa barua hakuhitaji koa nne.

Kipande cha pili cha GB 4 kina faida nyingine: vipande viwili hufanya kazi sambamba, na kwa kuwa michoro ya skrini nayo hula RAM hiyohiyo, inanufaika pia. Sharti Windows iwe ya biti 64. Ya biti 32 haivuki GB 4, na fedha yako itakaa bure ndani ya kasha.

Halafu kuna umeme. Kwa miaka mingi West Nile, eneo la Arua, ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mtambo wa maji wa Nyagak wa megawati 3.5 pamoja na majenereta. Gridi ilifika Arua 2024. Anayeendesha duka kwa sola au jenereta bado anahesabu wati. i3-2100 imepangiwa wati 65, i5-2400 wati 95. Tofauti hiyo huonekana kazi ikiwa nzito, na huja na joto, juu ya vumbi la kiangazi lililokwisha kuziba feni. Kipande cha RAM hula wati chache tu.

Studio inayohariri video za harusi ni habari nyingine. Hapo prosesa hupanda 100 na kukaa huko, na i5 inastahili kila shilingi. Ila muuzaji asikupe i5-3470: inaingia kwenye soketi vizuri, lakini chipseti ya 790 haikutengenezewa kizazi hicho.

Na anayejazia watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi? Asinunue chochote kati ya hivyo viwili. Hiyo 790 ina USB 2.0 tu, na mlango huo haupitishi zaidi ya MB 35 hivi kwa sekunde hata ukiiwekea i7.

Huko Koboko, mfanyabiashara anayevuka mipaka ya Kongo na Sudan Kusini huenda anabeba laptopu, na kwake swali limepungua nusu. Tangu kizazi cha tano cha Intel, prosesa za laptopu karibu zote zimechomelewa kwenye bodi. Inabaki RAM, na hapo aangalie volti: laptopu inayotaka DDR3L ya volti 1.35 inaweza kukataa kuwaka ikipewa DDR3 ya 1.5. Katika baadhi ya laptopu nyembamba hata RAM imechomelewa; mwenye mashine ya namna hiyo yenye diski ya kuzunguka aipeleke pesa yote kwenye SSD, diski isiyozunguka.